Nimejenga Msaranga kwa ramani ya Njiro, sasa nalala barazani

Mpangaji Mstaafu

Habari za usiku wakuu. Naandika hii saa 4 usiku nimekaa barazani kwangu, Msaranga, Moshi, na godoro liko pembeni. Ndani kuna vyumba vitatu, kimoja masta, jipsamu ya mapambo yenye taa za kujificha, vigae mpaka chooni. Nyumba mpya, hata harufu ya rangi haijaisha. Ila hakulaliki.

Kisa chenyewe kiko hivi. Kaka yangu alijenga Njiro, Arusha, miaka sita iliyopita. Kila aliyeingia kwake aliipenda ile nyumba, mimi nikiwa wa kwanza. Nikamwomba ramani, akanipa bure na baraka juu. Hela ya mchoraji niliyookoa nikanunulia nondo. Fundi naye akafurahi kwa sababu nyumba alishaiona kwa macho, hakuwa na haja ya kusoma karatasi. Tukaigeuza kidogo tu ili mlango mkubwa uangalie barabara, maana kwenye kiwanja changu barabara iko magharibi. Sebule na chumba chetu vyote viko huko mbele. Madirisha mapana ya alumini, yale ya kusukuma, kioo cheusi. Bati la msauzi rangi ya mkaa. Paa limetoka ukutani kama shubiri mbili, fundi akaniambia ndiyo mitindo ya sasa, mapaa marefu ni ya nyumba za misheni.

Njiro kwa kaka, mwezi wa saba tunakaa sebuleni na makoti. Kwangu Februari hii shuka zinalowa jasho. Watoto wamehamia kwenye vigae vya korido, wanalala vifua wazi. Mama watoto ameniuliza mara mbili, kwa sauti ya upole (na mnaoijua ile sauti ya upole mtanielewa), kama hela ya jipsamu isingetosha kununua AC.

Kinachonichanganya ni kwamba nje hapa nilipo kuna ubaridi. Nimejitupia khanga mabegani. Ukivuka kizingiti tu umeingia kwenye tanuri la tofali. Kipimajoto cha bei rahisi nilichonunua stendi kinasoma nyuzi 32 chumbani, hapa barazani 22. Ni hatua nne.

Maswali mawili. Joto hili linatoka wapi usiku wakati jua limeshazama? Na je, nifunge AC au kuna namna nyingine? Msinitukane sana, nyumba bado ina deni.

Kiti cha Mbele

Nimekaa pale na karanga zangu.

Boda wa Himo

Bila picha hii ni chai. Ila kama ni kweli, pole mkuu.

Fundi Kenchi

Tatizo dogo hilo. Moshi ni joto tangu enzi za mababu, kila mtu anajua. Weka AC chumbani, feni sebuleni, maisha yaendelee. Mimi nimeezeka nyumba zaidi ya mia, kuanzia Boma Ng'ombe mpaka Holili, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamikia joto. Wanarudi kwa kuvuja tu.

Manka Mchoraji

Fundi, hawarudi kwako kwa sababu wanadhani joto limeletwa na Mungu.

Mtoa mada, kabla hujanunua chochote fanya jaribio moja la bure. Kesho saa 8 mchana panda kwenye kiti, weka kiganja kwenye silingi ya chumbani. Saa 3 usiku rudi uiguse tena, kisha gusa ukuta wa mbele, ule wa magharibi, halafu ukuta wa katikati unaotenganisha vyumba. Uje utuambie.

Mpangaji Mstaafu

Nimefanya. Nashukuru majirani hawakuniona. Saa 8 mchana silingi ina moto kama bakuli la uji, kuta zina ubaridi. Saa 3 usiku silingi imepoa kabisa, lakini ule ukuta wa magharibi, dada yangu, ni kama kushika ubavu wa ng'ombe. Ukuta wa katikati uvuguvugu. Nilikuwa tayari kula kiapo kwamba tatizo ni bati.

Manka Mchoraji

Ni bati, na ni ukuta. Mchana unapigwa na bati, usiku unapigwa na ukuta, na dawa zake hazifanani.

Bati ni jembamba. Likipigwa jua linashika moto ndani ya dakika chache, jua likiondoka linapoa upesi vilevile. La rangi ya mkaa linameza karibu jua lote linaloliangukia. Ule moto halafu linautupa chini kwa mnururisho, namna unavyousikia moto wa kuni usoni hata kama upepo unatokea mgongoni kwako. Jipsamu ya milimita 9 haikukingi na kitu hapo. Na kile chumba kati ya bati na silingi mmekiziba pande zote, hewa ya moto imekaa humo kama abiria wa Kosta saa saba mchana. Nyumba za zamani pale juu ya ukuta, kati ya kenchi na kenchi (mbao zinazobeba bati), waliacha wazi na kuweka wavu wa kuku kuzuia popo. Siku hizi tunaziba na silingi ya nje ya plastiki ili anayepita chini aone pamependeza.

Ukuta una tabia nyingine. Tofali la saruji la inchi 6 ni zito, linachelewa kushika moto na linachelewa kuuachia. Joto linalolipiga kwa nje saa 10 au 11 jioni linatokea upande wa ndani baada ya saa 4 au 5. Hesabu mwenyewe. Linafika wakati unapanda kitandani. Ndiyo jibu la swali lako la kwanza: nje jua limezama, chumbani kwako ndiyo kwanza linachomoza.

Kwa nini magharibi? Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana liko juu sana mwaka mzima, na mara mbili, kabla ya katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, linapita utosini kabisa. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, lakini hata hapo bado liko juu. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa kwa urahisi na paa lililotoka nje. Paa likitoka sentimita 60, Juni saa sita mchana kivuli chake kinashuka karibu mita 1.2 kwenye ukuta wa kaskazini. Dirisha lote limefunikwa. Chukua paa hilohilo ulipeleke magharibi, Februari saa 11 jioni: jua limeshuka, linakujia ubavuni, kivuli kinashuka sentimita 30 tu. La kwako la shubiri mbili halifiki hapo. Una kivuli cha kufunika lenta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha.

Mchana wa saa sita unasingiziwa bure. Jua la jioni ndilo linalofuata watu mpaka kitandani.

Ukipata kiwanja kinachoruhusu, unailaza nyumba ubavu mrefu uangalie kaskazini na kusini, vichwa viwe mashariki na magharibi. Upande wa magharibi unapeleka stoo, choo, gereji, vitu visivyolala. Wewe umepeleka kitanda.

Sasa Njiro. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini 800 na kitu. Kila ukipanda mita 1,000 joto la hewa linapungua kama nyuzi 6, hivyo kabla hatujagusa tofali wewe tayari umemzidi kaka yako nyuzi 3 au 4. Nyumba inayomeza jua la jioni na kulirudisha usiku, kwa Arusha ya Julai ni zawadi. Huenda aliyechora alijua anachofanya. Ni nyumba nzuri, ila mmeihamisha kilomita 80 na kuishusha mita 500 na zaidi.

Fundi Kenchi

Umeongea vizuri Manka, ila njoo site tukuone. Mteja anataka nyumba iangalie barabara. Ukimwambia ailaze ubavu anaona kama imenuna. Na bati jeupe hawalitaki, linaonyesha vumbi.

Uniti Chache

Mmetaja AC, wacha nipige hesabu maana hapa ndipo watu wanapopigwa.

AC ya BTU 12,000 ya kawaida inavuta kama kilowati 1.1. Tuseme kompresa inafanya kazi saa 6 kwa usiku. Ni uniti 6.6. Kwa mwezi karibu 200. Bei ya kawaida ya majumbani ni shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT na makato ya REA na EWURA inafika kama 356. Chumba kimoja zaidi ya 70,000 kwa mwezi.

Lakini sumu yenyewe iko hapa. Kama uko kwenye kundi la TANESCO la D1, wale wenye wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, unauziwa shilingi 100, na makato inakuja 122. AC inakutoa huko. Ukishahamishwa, hata taa na friji uliyokuwa ukiilipia 122 unailipia 356. Ukuta wa chumbani umepandisha bei ya friji ya jikoni.

Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 ni nusu uniti. Mwezi mzima uniti 15. Na uniti utakazolipia kwenye AC, nyingi zitaenda kupoza tofali kwanza, wewe utapata makombo.

Mpangaji Mstaafu

Niko D1 mkuu. Nimesoma hii nikaifunga simu nikatembea kidogo uani.

Kontempo Kijana

Mnamtisha bure. Mimi nimejenga paa la kuficha, hakuna bati linaloonekana, kuta zimepanda juu zimekaa kama boksi. Nyumba ya kisasa. Joto lipo lakini nyumba inaonekana.

Manka Mchoraji

Inaonekana na jua pia. Paa la kuficha maana yake hakuna ukingo hata shubiri moja: kila dirisha liko uchi, kila ukuta unapigwa jua na mvua. Nimechora kadhaa, sijifichi, mteja akitaka utafanyaje. Ila kwa Moshi nawawekea kofia ya zege juu ya kila dirisha na baraza lenye kivuli upande wa magharibi. Wanaokataa kofia huwa wananipigia Januari.

Kontempo Kijana

Yangu haina kofia.

Manka Mchoraji

Namba yangu unayo.

Chalii wa Sakina

Oyaa nyie watu wa joto mnadeka. Njooni Sakina, Arusha, mwezi wa saba muone. Nyumba yangu imeangalia kusini, Juni na Julai jua haliingii dirishani hata siku moja. Vigae vinauma nyayo. Asubuhi silingi ina madoa ya maji na hakuna mvua. Fundi amepanda juu mara tatu kutafuta tundu kwenye bati hajaliona, na kila akipanda namlipa. Jioni tunaingiza jiko la mkaa sebuleni, tunafunga madirisha, ndiyo tunaangalia taarifa ya habari. Na heta ya kuogea inakula LUKU kama imetumwa.

Manka Mchoraji

Chalii wangu, mengine yatasubiri, hilo jiko litoe leo. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Haikohozeshi, haichomi macho. Inakuletea usingizi na hapo ndipo mwisho. Familia nzima hukutwa asubuhi. Hata ukiona mkaa umeiva vizuri na hauna moshi, hewa hiyo ipo.

Bati lako halivuji. Usiku wa anga lisilo na mawingu bati linapoteza joto kwenda angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa kuoga, wa kupika, wa pumzi zenu, unapanda kupitia matundu ya taa za silingi, unalikuta bati, unageuka matone. Alfajiri yanadondoka juu ya jipsamu. Ni jasho hilo. Fungua dirisha la bafu baada ya kuoga, ziba vizuri zile taa, na acha matundu ya hewa pembeni mwa paa ili mvuke utoke. Mwambie fundi apumzike kupanda.

Kwa baridi: kwa Juni na Julai dirisha la maana kwako ni la kaskazini na la mashariki. Huwezi kuizungusha nyumba, lakini chumba cha kulala unaweza kukihamishia mashariki kipate jua la asubuhi, na sebuleni ukatandika zulia au hata mkeka mzito. Vigae havina baridi kuliko hewa ya chumba, vinanyonya tu joto la mguu haraka.

Uniti Chache

Na heta: ile ya kuchemsha papo hapo ni kama kilowati 4. Mtu mmoja dakika 10, watu watano, ni uniti 3.3 kwa siku, mia moja kwa mwezi. Peke yake imeshakutoa D1. Arusha hamna AC lakini mnalipia joto vilevile, mnalipia kwa kuogea. Pipa la maji la sola juu ya bati lingekusaidia kuliko kitu kingine chochote, hata siku za mawingu maji yanapanda vuguvugu na heta inamalizia.

Chalii wa Sakina

Jiko limetoka nje. Wife kauliza nani kanishauri nikamwambia ni Manka wa mtandaoni, sasa kuna kesi nyingine.

Meku wa Rau

Wanangu, nimesoma uzi wote kwa miwani ya mke wangu, yangu mjukuu ameikalia.

Mimi nimezaliwa Rau. Babu yangu alikaa kwenye msonge, nyasi kuanzia juu mpaka ardhini, ng'ombe ndani, moto katikati. Giza tupu, lakini mchana wa jua kali ukiingia mle ulisikia raha. Baba akajenga ya bati na matofali ya kuchoma, baraza pande mbili, silingi hakuna. Tulilalamikia kelele za mvua. Joto sikumbuki kulilalamikia, maana nyumba ilikuwa imezama ndani ya kihamba: migomba, kahawa chini yake, mringaringa juu ya vyote. Jua liliifikia nyumba likiwa limechoka.

Sasa kihamba kile kimegawanywa kwa wana, na wana wa wana. Kahawa imeng'olewa. Mringaringa umekuwa milango. Uani wamepanga tofali za pevingi ili gari lisichafuke matope, na zile pevingi saa 9 mchana huwezi kuzikanyaga bila viatu. Halafu mnauliza joto limetoka wapi.

Na usiku wenyewe umebadilika. Februari tulikuwa tunajifunika blanketi. Sasa shuka linatosha. Mlima nao mnauona, ile barafu imebaki vipande. Barafu ikiisha tutakaangwa.

Manka Mchoraji

Shikamoo Meku. Kuhusu pevingi na mringaringa nakubali kila neno. Kuhusu barafu naomba nikukosoe kwa heshima. Ni kweli imepungua sana, tangu 1912 mpaka 2007 Kilimanjaro ilipoteza kama asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Lakini hata ilipokuwepo haikuwa inaipoza Moshi, ni ndogo na iko mbali mno juu. Ule ubaridi wa usiku unaotoka kaskazini unatoka kwenye miteremko. Jua likizama ardhi ya mlimani inapoa, hewa iliyo juu yake inapoa nayo, inakuwa nzito, inateremka kupitia mabonde mpaka kwetu. Mchana inageuka, upepo unatoka tambarare kupanda. Hata barafu ikiisha, upepo huo utaendelea kushuka.

Ila hoja yako ya blanketi ndiyo inayoninyima usingizi mimi kama mchoraji. Wastani wa joto Tanzania umepanda kama nyuzi 1 tangu 1960, na usiku wenye joto umeongezeka, usiku wa baridi umepungua. Mwaka 2024 dunia nzima ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, kama nyuzi 1.55 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900. Watu wanadhani habari ni mchana kuwa mkali. Kwa Moshi habari ni usiku. Februari mchana tunafika 33 au zaidi, usiku tunashuka chini ya 20. Hiyo tofauti ndiyo mali yetu. Dar hawana. Nyumba ikiwekewa njia, inaoga ubaridi huo usiku kucha, kuta zinaamka zimepoa, unafunga madirisha saa 3 asubuhi na unakula ubaridi wa jana mpaka alasiri. Kila nusu nyuzi inayopanda usiku inatupunguzia mali hiyo. Na nyumba tunazojenga leo wajukuu wa Meku watazikalia.

Mtoa mada ana ubaridi wa bure nje ya mlango, nyuzi 10 chini, na nyumba imefungwa isiupate. Dirisha la kusukuma la vioo viwili linafunguka nusu tu, upende usipende. Wavu wa mbu nao ukijaa vumbi unakuwa pazia. Chumba kina dirisha ukuta mmoja, hewa ikiingia haina pa kutokea.

Meku wa Rau

Marahaba binti. Nimekosolewa vizuri. Nakumbuka nyumba za shirika zilikuwa na vile vioo vya luva, unavuta kishikio dirisha zima linafunguka. Tuliviita vya kishamba tukaving'oa.

Mama Pasheni

Mnasema mlale madirisha wazi. Huku Pasua, Moshi, wezi wanavuta suruali kwa fimbo kupitia nondo. Mume wangu ameibiwa simu akiwa ameishika. Hewa nzuri ila simu je?

Manka Mchoraji

Hapo unasema kweli, na ndiyo maana hewa ya usiku isitegemee dirisha la chini. Weka tofali za matundu juu ya lenta, karibu na silingi, na wavu kwa ndani. Mkono haufiki, fimbo haifiki, na hewa ya moto ndiyo iko huko juu. Upande wa kaskazini ziwe nyingi maana upepo wa usiku unatoka mlimani, na juu ya mlango wa chumba acha uwazi ili hewa ivuke kwenda upande wa pili. Kama nyumba imeshakwisha unaweza kutoboa na kuziingiza, ni kazi ya siku mbili na vumbi la wiki.

Na jina lako limenikumbusha kitu. Ukuta wa magharibi ukingwe kwa nje. Pazia la ndani, hata liwe zito kama blanketi la Wamasai, linakutana na jua ambalo limeshaingia. Jenga kichanja cha mbao au bomba, nusu mita kutoka ukutani, panda pasheni.

Mama Pasheni

Miezi minane umefunika. Ila usimwagilie karibu na msingi, na kwa sababu ya nyoka punguza majani ya chini.

Mpangaji Mstaafu

MREJESHO. Nimekuja baada ya miezi kumi na moja, mnisamehe, deni lilinishika.

Cha kwanza nilihamisha kitanda. Bure. Tumehamia chumba cha watoto upande wa mashariki, watoto wakapewa kile kikubwa, lakini hawalali humo, wanakitumia kwa madaftari na kelele. Usiku wanalala cha katikati. Mama watoto alinung'unikia choo cha masta wiki moja, kisha akalala usingizi mzima na hakunung'unika tena.

Cha pili nilimpigia Fundi Kenchi, huyuhuyu wa humu. Akaja. Tumeng'oa silingi ya nje ya plastiki pande zote nne, tumeweka wavu. Kisha foili ya kuzuia joto chini ya bati. Mara ya kwanza aliibandika imegusana na bati kabisa. Nikampigia Manka, akasema foili ikigusana na bati inageuka bati, lazima kuwe na nafasi ya hewa, angalau vidole viwili, na upande wa kung'aa uangalie chini usikusanye vumbi. Fundi alibandua yote, akanuna mpaka chai ilipoletwa.

Cha tatu, ukuta wa magharibi. Nyeupe, badala ya ile rangi ya kahawa. Kichanja cha pasheni kimefika juu ya dirisha, upande mmoja bado uko wazi kwa sababu mbuzi wa jirani alikula miche miwili. Dirisha la chumba tunacholala nimebadilisha likawa la kufungua kama mlango, na tofali za matundu juu. Bati la mkaa bado lipo. Kulipaka rangi nyeupe nilitaka, fundi mwingine akanitajia bei nikarudi nyumbani kimya.

Januari hii, saa 4 usiku, chumba cha mashariki 26. Kile cha magharibi, ambacho mwaka jana kilisoma 32, sasa 28 na nusu. Feni moja. Bado niko D1. Siku mbili za wiki iliyopita ambazo usiku haukupoa kabisa, chumba kiligoma kwenye 28 na tulirudi barazani, sitawaficha.

Fundi Kenchi

Nathibitisha. Na sasa nawauliza wateja magharibi ni wapi kabla ya kupima. Wawili wameshaniona mganga wa kienyeji.

Boda wa Himo

Picha bado.

Kiwanja Boma

Shikamooni, nimefika mwisho wa uzi. Nina kiwanja Boma Ng'ombe, 20 kwa 25, barabara iko magharibi kama ya mtoa mada, na ramani ninayo tayari, nimenunua mtandaoni, vyumba vinne. Dada Manka, nikikutumia kwa simu unaweza kunirekebishia kidogo tu?

Manka Mchoraji

Marahaba. Usinitumie ramani bado. Jumamosi nenda kiwanjani saa 10 jioni na kiti, keti pale unapotaka kuweka kitanda, uangalie barabara mpaka jua lizame. Angalia pia kama kuna mti wa jirani au ghorofa linalokukinga, na upepo unakotoka. Halafu tuongee.

Kiwanja Boma

Jumamosi nina msiba Tarakea. Jumapili je?

Manka Mchoraji

Jumapili linazama palepale. Pole kwa msiba.